Bunduki ya Mvumi: shajara ya kumtafuta muuzaji

Jumamosi, 3 Mei

Kazi imeanza leo, na ninaandika usiku huuhuu kabla sijalala. Nimekaa masjala miaka ishirini na saba. Jambo lisipoingia kitabuni siku yake, kesho utalikuta na sura nyingine.

Nimeshuka Mvumi saa nne asubuhi kutoka kwenye Noah iliyojaa hadi mlangoni, mimi na barabara tumekuwa rangi moja. Mama, ndivyo ninavyomwita mwenyeji wangu, alikuwa uani anapepeta uwele. "Mbukwenyi!" Akaitika, nikamwamkia, akanivutia kigoda na kusema kwanza nile. Ugali wa uwele kwa mlenda. Habari za bunduki zikasubiri mpaka niliponawa mikono.

Kisa chenyewe ni hiki. Kaka yake, aliyekuwa mkuu wangu wa kwanza kazini, alifariki mwaka jana. Alikuwa na shotigani ya mitutu miwili aliyoachiwa na baba yao, na leseni alikuwa nayo. Sasa leseni ya silaha hairithiwi kama ng'ombe. Familia ikaipeleka bunduki polisi, ikapewa hati ya mapokezi. Kwenye hati hiyo, penye aina ya silaha, mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: *Bunduki ya kijeshi, ya zamani.*

Mama aliliwekea kidole neno hilo. "Baba yangu hakuwa askari, mwanangu. Wala hakumwibia askari. Hii ya kijeshi imetoka wapi?"

Ndiyo kazi niliyopewa: ijulikane bunduki iliuzwa na nani, ili ijulikane ilikuwa ya nani.

Familia ina masimulizi mawili. La Mama ni kwamba baba yake alikuwa akimbebea mizigo Bwana Nyama (ofisa wanyamapori) mmoja wa Kiingereza, miaka michache baada ya Mtunya, ile njaa iliyoifagia Ugogo vita ya kwanza ilipokuwa inaisha. Bwana alipohama akamwachia bunduki. La upande wa baba mdogo ni kwamba iliachwa na Mjerumani aliyekimbia Dodoma ilipoangukia mikononi mwa jeshi la Waingereza, mwishoni mwa Julai 1916. Kila upande unaapa. Baba yake aliishikaje miaka yote kabla ya leseni, sikuuliza. Kuna maswali ambayo mgeni aliyelishwa mlenda hayaulizi.

Kabla sijaondoka akanitolea kopo la majani ya chai. Ndani yake leseni ya kaka yake ya mwaka 1963, pembe moja imeliwa na mchwa, namba ya bunduki bado inasomeka. Nimeinakili na kupiga picha.

Alhamisi, 15 Mei

Kituoni. Nimesubiri ruhusa siku tisa, nikapewa dakika ishirini. Siwalaumu, ghala la silaha si maktaba.

Afande ameitoa akiwa ameikunja kwenye gunia, akatandika gazeti mezani, akaifungua, akahakikisha iko tupu, na mimi akanionyesha matundu yote mawili. Halafu akatenganisha mitutu na kitako. Mkono wa mtu aliyezoea.

Kitu cha kwanza kilichonikera: kuna fundi, miaka ya nyuma, aliisugua kwa msasa ili ing'ae. Ule ubapa wa chuma unaopita juu katikati ya mitutu miwili, ambapo wauzaji huchonga majina yao, umebaki laini kama kijiko. Alilipwa kwa kazi hiyo, naambiwa, debe la karanga.

Nilikuwa nimekuja na poda ya mtoto. Unaipaka kidogo kwa ncha ya kidole, unafuta juujuu kwa kitambaa, poda inabaki kwenye mifereji ya herufi. Kisha unazima taa ya chumba na kulaza tochi ya simu ubavuni, mwanga upite kama jua la saa kumi na mbili jioni. Nikamwomba Afande asimame mlangoni azuie mwanga wa nje. Herufi zikaanza kujitokeza moja moja, nyeupe juu ya chuma cheusi:

…MY & N…Y C.S.L.

Zikafuata alama mbili tatu nisizoelewa, na mbele yake, wazi kabisa, VICTORIA. Baada ya hapo msasa umemaliza kila kitu.

"ARMY," Afande akasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Si unaona mwenyewe? Jeshi."

Nilikosa jibu. Nikapindua mitutu, nikapiga picha za mihuri iliyo chini yake, pale panapofunikwa bunduki ikiwa imefungwa. Huko msasa haukufika. Picha kumi na nne, nyingine zimetetemeka.

Jumapili, 18 Mei

Siku nzima imepotea kwa neno moja.

Mjukuu wa Mama, yule wa bodaboda, alikuja mjini na kuziona picha kwenye simu yangu. "Mjomba, Victoria si ziwa? Basi ilinunuliwa Mwanza." Nikacheka, lakini usiku nikaanza kuifikiria Mwanza kwa dhati. Ni mji wa zamani, wenye bandari na wafanyabiashara tangu enzi za Mjerumani. Nikajaza kurasa tatu za daftari kwa maduka ya Mwanza ambayo hayajawahi kuiona bunduki hii.

Jirani yangu mwalimu wa historia naye akaleta lake: Charles Stokes. Huyo ni Mwairishi aliyefika bara mwaka 1878 na wamisionari wa Kanisa la Uingereza (CMS), akapita Mpwapwa, akaacha dini akashika misafara, akawa muuza bunduki anayejulikana kutoka pwani hadi Buganda. Wabelgiji walimnyonga Kongo mwaka 1895 wakimshtaki kuwauzia Waarabu silaha. Kwa mtu wa Dodoma hilo ni jibu tamu mno, maana Mpwapwa ni hapo tu. Utamu wake ndio ulionitia shaka.

Mwalimu ana hoja moja ya maana, lakini, na nimeiandika. Kwa nini karibu kila kaya ya zamani huku inazungumzia gobore na gumegume, na ni nadra kusikia bunduki ya kukunja, inayojazwa kwa nyuma? Ni kwa sababu ya mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Mataifa yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Gumegume la mtutu laini na baruti ya kawaida viliachiwa nafasi ya kuuzwa. Silaha dhaifu zikawa za Mwafrika, za kukunja zikabaki za Mzungu. Kwa hiyo shotigani kama hii ilifika Mvumi mikononi mwa Mzungu. Mpaka hapo masimulizi yote mawili ya familia bado yamesimama.

Jumatano, 28 Mei

Mihuri. Leo nimefurahi kama kijana.

Mtu wa masjala akishindwa kusoma barua, husoma mihuri yake. Na mitutu ya bunduki ina mihuri kuliko faili la kiwanja. Ulaya, kabla mtutu mpya haujauzwa, hupelekwa kwenye jumba la majaribio, ukajazwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ukafyatuliwa. Ukipasuka, hasara ni ya kiwanda. Ukistahimili, unagongwa muhuri. Kila jumba lina mihuri yake, na mihuri hubadilika sheria zinapobadilika, ndipo tarehe zinapojiuza.

Nikaanza kwa kufuta. Bunduki nyingi za bei nafuu zilizokuja Afrika zilitoka Liège, Ubelgiji, na hizo hubeba herufi ELG ndani ya duara lililobanwa kama yai. Hapa halipo. Mjerumani naye, kwa sheria yake ya mwaka 1891, alikuwa akigonga vitaji vidogo juu ya herufi mojamoja: B, U, G na nyinginezo. Navyo havipo. Baba mdogo atanisamehe.

Kilichopo ni taji juu ya BP, taji juu ya BV, taji juu ya NP. Hilo ni jumba la Birmingham, lililoanzishwa mwaka 1813, na mtindo huu wa mihuri ulianza mwaka 1904. Hapo Stokes akatoka kwenye faili kwa mguu wake, maana alikuwa kaburini miaka tisa.

Pembeni kuna umbo la kashata, ndani yake 12 juu ya C. Hiyo 12 ni ukubwa wa chemba, pale risasi inapokaa. Halafu kuna mstari mmoja mrefu wa herufi ndogondogo nilioukuza kwenye kompyuta ya binti yangu hadi ukawa vidonge vya rangi: NITRO PROOF 1⅛ OZ MAX. Maana yake mtutu umepimwa kwa baruti isiyo na moshi, na uzito wa juu wa marisaa ni wakia moja na thumuni. Kanuni zilibadilishwa mwaka 1925, na kuanzia hapo urefu wa chemba ya risasi nao ukawa unagongwa. Hapa urefu haukugongwa.

Kwa hiyo bunduki imepimwa kati ya 1904 na 1925. Nimepiga mstari chini ya sentensi hiyo mara mbili.

Muhuri nilioutafuta kwa hofu zaidi ni mwingine kabisa: mshale mpana, mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kuku. Ndiyo alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na vifaa vya jeshi lao huupata. Nimepitia picha zote kumi na nne, hata zilizotetemeka. Hakuna unyayo wa kuku hata mmoja. Sasa jeshi gani hili lisilogonga chapa mali yake?

Jumatano, 11 Juni

Jibu limetoka kijiweni Majengo, kwenye kahawa.

Nilikuwa nimeandika zile herufi kwenye kipande cha karatasi nikawa nakitazama kama mtu aliyeandikiwa hirizi. Mzee mmoja wa pale kijiweni, afisa ushirika mstaafu, akachungulia. "C.S. ni Co-operative Society," akasema bila kuweka kikombe chini. "L ni Limited. Nimezigonga kwenye mihuri ya vyama miaka yote ya utumishi wangu. Chama gani hicho?"

Nikabaki nimeshika karatasi. Miezi yote tunaulizana jeshi, jeshi, kumbe neno la kuuliza lilikuwa kwenye herufi tatu za mwisho. ARMY & NAVY C.S.L. Ni chama cha ushirika! Cha maofisa wa jeshi la nchi kavu na la majini, lakini ushirika, wenye duka. Na VICTORIA ni mtaa: Victoria Street namba 105, Westminster, London. Nimerudi kwenye picha nikiwa najua ninachotafuta. Zile alama nisizozielewa kabla ya VICTORIA ni 1, doa la kutu, na 5.

Historia ya chama hicho inapendeza. Mwaka 1871 maofisa kadhaa wa Kiingereza walichoka bei za maduka ya London, na kilichowauma hasa kilikuwa mvinyo. Wakaungana wanunue kwa jumla na kugawana. Mwaka uliofuata wakafungua duka Victoria Street, na mvinyo ukafuatwa na mahema, buti, vyombo vya chai, dawa, viti vya kukunja na bunduki. Mwanzoni lilikuwa duka la wanachama, kila mmoja ana tiketi yenye namba. Katalogi ilikuwa nene kama Biblia na ilikwenda popote palipo na ofisa wa Kiingereza mwenye upweke. Bombay wakafungua tawi mwaka 1891, Calcutta mwaka 1901. Jina la ushirika lilidumu hadi 1934, walipojiita Army & Navy Stores Limited.

Nimeishi enzi za Ujamaa, nimetumwa na mama yangu na kadi kwenye duka la ushirika kufuata sukari, na sikuwahi kusikia kuwa mabwana wa kikoloni nao walikuwa na lao. Mzee wa kijiweni alipoelezwa alicheka mpaka akapaliwa. Akauliza kama mtunza hazina wao naye alikimbia na fedha.

Hata hivyo muuzaji si lazima awe mtengenezaji, na kwa bunduki hii ninaamini hakuwa. London ina jumba lake la majaribio, la chama cha mafundi bunduki kilichopata hati ya mfalme mwaka 1637. Mtutu uliotengenezwa London kwa kawaida ungepimwa hapohapo. Huu umepimwa Birmingham, mji ambao mitaa mizima ilikuwa karakana za bunduki: mmoja anatoboa mitutu, mwingine anachonga vitako, mwingine anasaga vyuma vya ndani. Duka liliagiza, likachongewa jina. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza betri China zikiwa na jina lake hawezi kushangaa. Miongoni mwa waliokuwa wakiliuzia duka hilo walikuwa Webley & Scott wa Birmingham, kampuni iliyozaliwa kwa muungano wa mwaka 1897. Mtambo wenyewe ni ule wa nyundo zilizofichwa ndani, wa Anson na Deeley, wa mwaka 1875, uliotengenezwa na karibu kila karakana, kwa hiyo hautaji baba.

Jumatano, 25 Juni

Baridi ya Dodoma na upepo. Nimerudi kituoni kwa ajili ya namba.

Duka la aina hii huandika kila bunduki kitabuni kwa namba yake. Mwaka 1973 lilinunuliwa na House of Fraser, kampuni ya maduka kutoka Glasgow, na nyaraka za House of Fraser ziko Chuo Kikuu cha Glasgow. Kwa hiyo kitu cha kupeleka Glasgow ni namba, na namba niliyo nayo ni ya kwenye leseni ya 1963. Kabla sijaituma nikataka kuiona kwenye chuma.

Afande wa leo ni mwingine, kijana, mpole. Amefungua kile kipande cha mbao cha mbele, na namba iko chini yake kwenye chuma, na tena kwenye mtutu. Nimeweka karatasi laini juu, nikalaza penseli ya risasi laini na kuisugua polepole, kama watoto wanavyonakili shilingi. Tarakimu zikapanda juu ya karatasi: tano, safi. Nikaweka nakala ya leseni pembeni.

Tarakimu ya tatu kwenye leseni ni 3. Kwenye chuma ni 8.

Karani wa 1963 aliona upande wa kulia wa nane, wa kushoto ukiwa umejaa mafuta, akaandika tatu. Toka hapo kila fomu imemnakili mwenzake: leseni mpya, daftari la kituo, hati ya mapokezi. Miaka sitini na mbili watu wanahakiki bunduki hii bila kuitazama. Ningekuwa na ujasiri wa kumcheka kama mimi mwenyewe sikuwahi kumhamisha mtumishi kutoka Kondoa kwenda Kongwa kwa kukosea herufi mbili.

Tulisugua mara tatu, Afande akahesabu nami. Nane.

Kisha nikamtolea maelezo yangu, ukurasa mmoja na nusu, picha zimebandikwa: jina la duka, anwani, mihuri ya Birmingham, kutokuwepo kwa mshale mpana. Akaenda nayo kwa mkuu wake. Nimekaa kwenye benchi saa nzima na nusu pamoja na mama mmoja aliyeibiwa mbuzi.

Nikaitwa. Mkuu akafungua daftari kubwa, akachukua rula, akapiga mstari mmoja wa wino mwekundu juu ya "ya kijeshi", akaandika juu yake "ya kuwindia, ya kiraia". Akasahihisha namba. Akatia saini na tarehe pembeni ya kila sahihisho. Neno la zamani bado linasomeka chini ya mstari, kama inavyotakiwa. Sijaona sahihisho lililofanywa vizuri hivyo tangu nistaafu.

Jumamosi, 28 Juni

Barua pepe imekwenda Glasgow: namba, picha sita, na swali moja tu, kama kitabuni kuna mwaka, mtengenezaji na tiketi ya mwanachama. Binti yangu amenisaidia Kiingereza. Alitaka kuongeza aya ya shukrani ndefu, nikakataa. Mtu wa nyaraka hupenda namba.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Mvumi tena.

Nimemsomea Mama shajara yote, nikiruka mihuri kidogo. Nilipofika kwenye duka la ushirika akanisimamisha.

"Ushirika kama ule wetu? Wa foleni?"

"Ushirika, Mama. Foleni sijui. Walikuwa wanaagiza kwa barua."

"Sabuni walipata?"

"Nadhani walipata."

Akatikisa kichwa. Mwaka 1976, Operesheni Maduka ilipofunga maduka ya watu binafsi, duka la kijiji lilikaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na anakumbuka siku walizopanga foleni tangu alfajiri wakaambiwa kilichokuja ni viberiti. Kaka yake alikuwa mwanachama, namba yake ya kadi anaijua hadi leo, akaitaja. Kisha akanyamaza kidogo.

"Basi na Bwana Nyama alikuwa na namba yake."

"Kama aliinunua yeye mwenyewe, ndiyo. Glasgow wakijibu tutaijua."

Baba mdogo alikuwepo. Amesema Mjerumani angeweza kununua bunduki ya Kiingereza. Ni kweli, angeweza. Nikamwambia Mjerumani huyo angelazimika kwanza kuwa mwanachama wa ushirika wa maofisa wa adui yake, kila mtu akacheka, naye akacheka, lakini nilimwona bado anaye Mjerumani wake mfukoni.

Mama akaenda ndani, akarudi na lile kopo la chai. Akatoa hati ya mapokezi, akainyoosha juu ya goti, akamtuma mjukuu alete rula na kalamu nyekundu ya shule.

"Huku bado imeandikwa ya kijeshi," akasema. "Kata."

Nikamweleza kwamba mimi siwezi, lazima aliyeitoa ndiye aisahihishe na kutia saini. Akanitazama kama ninamwonea, kisha akaikunja hati na kuirudisha koponi. Alhamisi tunakwenda naye kituoni. Mjukuu ataleta pikipiki, lakini Mama amekataa pikipiki; amesema atapanda Noah, akae mbele.